Ng'ambo (Unguja)

Ng'ambo ni sehemu ya mji wa Zanzibar iliyo upande wa mashariki wa Mji Mkongwe, katika kisiwa cha Unguja. Jina lake lina maana ya upande wa pili wa maji. Zamani Mji Mkongwe ulikuwa rasi iliyokaribia kuwa kisiwa, ukitengwa na Ng'ambo kwa mkono wa bahari ulioitwa Pwani Ndogo. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na leo mahali pake panapita barabara iliyojulikana kama Creek Road, ambayo sasa inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa. Mtaa wa Darajani bado unabeba jina la daraja lililounganisha pande hizo mbili.

Miongoni mwa mitaa ya Ng'ambo ni Mchangani, Mlandege, Vikokotoni, Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga, Kisima Majongoo, Gulioni na Kisiwandui (jina ambalo ndani yake limo neno ndui). Makala hii inahusu hasa miaka kati ya 1897 na Vita Vikuu vya Pili, ambapo Ng'ambo palikuwa mahali ambapo watu waliotoka utumwani walijijengea maisha mapya.

Baada ya utumwa

Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa limekwisha kufungwa tangu 1873, wakati wa Sultani Barghash bin Said, lakini utumwa wenyewe uliendelea. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa.

Amri hiyo mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja, kana kwamba watumwa wote waliamka huru siku ya pili. Haikuwa hivyo. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na bwana wake aliweza kulipwa fidia na serikali. Aliyeachwa huru ndiye aliyetakiwa kuonyesha kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji. Masuria hawakuhusishwa kabisa: walihesabiwa kama wake wa nyumbani, na waliweza kudai kuachwa iwapo tu walitendewa ukatili. Jambo hilo lilibadilishwa mwaka 1909.

Kwa sababu hiyo wengi walibaki mashambani, wakilima vipande vya ardhi chini ya mikarafuu ya mabwana wao wa zamani na kuwafanyia kazi kwa makubaliano. Wengine waliingia mjini, na makazi yaliyokuwa ndani ya uwezo wao yalikuwa Ng'ambo, kwenye nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Wanaume walifanya kazi za uhamali bandarini, uashi, upishi na udobi. Wanawake waliuza vyakula, walichambua karafuu, na si wachache waliojenga nyumba zao wenyewe na kupangisha vyumba.

Hata hivyo Ng'ambo haukuwa mji wa watumwa wa zamani peke yao. Waliishi humo Wangazija, Washihiri, Wahindi wenye maduka, Wamanyema, Wanyasa na Wazaramo. Kadhalika Mji Mkongwe ulikuwa na wakazi wake maskini. Ni serikali ya kikoloni iliyopenda kuzitazama pande hizo mbili kama miji miwili ya watu wa aina mbili, mtazamo ambao unaonekana pia katika mpango wa mji uliotayarishwa na H. V. Lanchester mwaka 1923.

Mavazi

Badiliko la kwanza lilionekana mwilini. Mtumwa wa karne ya 19 alijulikana kwa nguo yake: merekani isiyotiwa rangi au kaniki, kichwa wazi na miguu mitupu. Baada ya 1897 wanaume wa Ng'ambo walivaa kanzu na kofia, mavazi ambayo zamani yalikuwa alama ya muungwana. Wanawake waliiacha kaniki na kuvaa kanga za rangi, na mwenye kumudu alinunua doti mpya kila toleo lilipofika madukani.

Baadaye likaenea buibui. Zamani bibi wa tabaka la juu alijifunika, na mjakazi alikatazwa kufanya hivyo. Kwa hiyo mwanamke wa Ng'ambo aliyevaa buibui alikuwa anatangaza mambo mawili pamoja: kwamba ni Mwislamu mwenye heshima, na kwamba hakuna tena mwenye haki ya kumwambia ajifunike au asijifunike.

Mgomo wa kodi ya viwanja

Mwenye nyumba wa Ng'ambo kwa kawaida aliimiliki nyumba lakini si kiwanja. Hapo zamani jambo hilo halikuwa na uzito. Tajiri aliyekuwa na ardhi aliwaruhusu watu wake kujenga, na badala ya fedha alipata wafuasi. Sehemu nyingine zilikuwa wakfu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ardhi ya mji ilianza kupata bei, viwanja vikauzwa kwa wamiliki wapya, wengi wao Wahindi, na kilichokuwa hisani kikageuka kuwa deni la kila mwezi kwa rupia. Katika miaka ya 1920 kodi zilipanda sana.

Wakazi waligoma kulipa, na mgomo ulifikia kilele mwaka 1928. Wenye ardhi walikwenda mahakamani, na waliokataa walihukumiwa. Umati wa watu ukainuka na kuwatoa mikononi mwa serikali waliokuwa wamefungwa. Mwaka huohuo serikali ilitunga sheria ya kudhibiti kodi za viwanja. Mgomo huu haukuwa na chama wala kiongozi mmoja, na pengine ndiyo maana hautajwi sana katika historia ya siasa za Zanzibar, ingawa ulitangulia vyama vyake vya kisiasa kwa miaka mingi.

Taarabu na mpira

Taarabu ya karne ya 19 iliimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani. Aliyeipeleka mitaani kwa Kiswahili ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia ya watumwa na kuhamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, zilizosikika pwani yote ya Afrika Mashariki. Nyimbo za kundi lake zilizungumzia mambo ya Ng'ambo yenyewe: wanaume wadanganyifu, hukumu za mahakama, jeuri ya wenye vyeo. Shaaban Robert aliandika maisha yake katika kitabu Wasifu wa Siti binti Saad.

Vijana walikuwa na mpira wa miguu, ulioanzia katika shule ya misheni ya Kiungani na miongoni mwa wafanyakazi Waingereza, kisha ukahamia katika timu za mitaa zilizocheza Mnazi Mmoja.

Siasa

Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1926, Waarabu, Wahindi na Wazungu walipewa wajumbe wasio wa serikali. Waafrika hawakupewa hadi 1946, alipoteuliwa Ameri Tajo. Kwa kuwa haki ziligawanywa kwa kabila, watu nao walichagua kabila kwa uangalifu: kati ya sensa za 1924 na 1931 waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua mno. Wakati wa vita, mgao wa chakula ulifuata kabila pia, na mchele haukugawiwa kwa wote sawasawa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, na kodi ya viwanja iliyopiganiwa mwaka 1928 ikaondoka pamoja na wenye viwanja. Nyumba nyingi za zamani zilibomolewa kupisha majengo marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki.