Buseresere 2013: Alikuwa Mchungaji, Siyo Padri

Jumatatu ya tarehe 11 Februari 2013 dunia nzima ilikuwa inamzungumzia Papa Benedict XVI. Alikuwa ametangaza kuachia ngazi, jambo ambalo hakuna Papa aliyelifanya kwa karibu miaka 600. Siku hiyohiyo, kule Kanda ya Ziwa, mji mdogo wa Buseresere ulikuwa unawaka moto.

Ugomvi ulikuwa wa nyama, yaani nani ana haki ya kuchinja. Tanzania imezoeleka kwamba kwenye machinjio na mabucha ya watu wote anayechinja ni Muislamu, ili kila mteja ale bila wasiwasi. Baadhi ya Wakristo wa kanda hiyo wakaanza kuhoji, wengine wakachinja na kuuza nyama yao wenyewe. Maneno yakageuka vurugu, na mchungaji mmoja wa Kipentekoste akauawa.

Siku 6 baadaye, Jumapili ya tarehe 17 Februari, Padri Evaristus Mushi wa Kanisa Katoliki alipigwa risasi na kufariki Zanzibar.

Sasa fikiria mtu aliyekaa mbali, hajawahi kufika Tanzania, anataka kuandika ukurasa wa kamusi elezo ya mtandaoni kuhusu mwezi huo. Kila kona kuna mtego. Viongozi wawili wa dini, nchi moja, wiki moja. Ni rahisi sana kuwachanganya wakawa "mapadri wawili". Kumbe mmoja mchungaji, mwingine padri. Mmoja bara, mwingine visiwani, ambako kuna Mahakama Kuu yake na sheria yake ya makosa ya jinai. Mmoja alikufa kwenye vurugu za watu wengi, mwingine kwa risasi.

Mahali penyewe pia panachanganya. Buseresere ipo Wilaya ya Chato, Mkoa wa Geita. Lakini Mkoa wa Geita ulianzishwa Machi 2012, haujafikisha hata mwaka wakati mauaji yanatokea. Kabla ya hapo Chato ilikuwa Kagera, na mji wa Geita ulikuwa Mkoa wa Mwanza. Ukitumia ramani ya zamani unakosea mkoa. Hata jina la ukoo la mchungaji limeandikwa kwa namna mbili kwenye taarifa za wakati huo, moja likiishia na "a", lingine na "i". Ukitafuta kwa herufi moja, taarifa nyingine huzioni.

Kuna watakaosema hayo ni mambo madogo. Siyo madogo. Sentensi kama "Waislamu wamemuua padri Tanzania" ina maneno manne tu, lakini imeshamkosea marehemu cheo na imehamisha kosa kutoka kwa watuhumiwa wachache kwenda kwa dini nzima. Watu wa Buseresere bado wanaishi pamoja, wanauziana na kuzikana. Sentensi ya hivyo ikisheawa inawarudia wao.

Haya yameshatokea hata kwa wakubwa. Mei 2005 mtu mmoja wa Nashville, Marekani, aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwanahabari mkongwe John Seigenthaler aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya Rais John F. Kennedy na mdogo wake Robert. Ulikuwa utani wa kumchezea mfanyakazi mwenzake. Kumbe Seigenthaler alikuwa amefanya kazi na Robert, na ni mmoja wa waliobeba jeneza lake. Uongo ule ulikaa miezi 4 bila kuguswa. Baada ya mzee kulalamika gazetini Novemba 2005, Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojisajili kuanzisha kurasa mpya.

Kwa Bongo, mfano unaojulikana na kila mtu ni kifo cha Steven Kanumba, staa wa filamu aliyezaliwa Shinyanga. Alifariki Aprili 2012. Muigizaji mwenzake alishtakiwa kwanza kwa mauaji, kosa la kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, ambalo adhabu yake ni kunyongwa na halina dhamana. Baadaye shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, kifungu cha 195, akapata dhamana Januari 2013. Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani kwa kosa hilo la pili, miaka 2 jela.

Mpaka leo kuna watu wanaposti "muuaji". Kisheria hukumu haikusema hivyo. Aliyesoma habari za Aprili 2012 akaishia hapo, ana nusu ya stori, na nusu hiyo ndiyo iliyokuja kubadilishwa na mahakama.

Ndiyo maana ukurasa wa kesi ya mauaji hauandikwi kama ukurasa wa albamu au timu ya mpira. Aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Aliyefikishwa kortini ni mshtakiwa. Anaitwa mkosaji siku jaji akishasoma hukumu, na hapo napo kuna rufaa.

Kabla ya kupiga skrinshoti, kukagua ni kazi ya dakika chache. Ukurasa wa Wikipedia una sehemu ya historia, inayoonyesha nani kabadilisha nini na lini. Namba ndogo mwisho wa sentensi inakupeleka kwenye chanzo: ifungue, angalia tarehe, soma kama kweli kinasema kilichoandikwa. Hukumu nyingi za mahakama za Tanzania zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII. Na ukikuta kosa, kitufe cha kuhariri kipo palepale.

Chanzo kikisema "ameshtakiwa", andika "ameshtakiwa". Kikisema mchungaji, usiandike padri.