Nani bondia bora wa Tanzania bila kujali uzito?

Michael Yombayomba alipigana akiwa na uzito usiozidi kilo 54. Titus Simba alipigana uzito wa kati, usiozidi kilo 75. Kwa kanuni za mchezo wa masumbwi wawili hao wasingeweza kamwe kupandishwa ulingo mmoja, hata kama wangekuwa wa kizazi kimoja. Hata hivyo, wapenzi wa ngumi, wawe Maili Moja mjini Kibaha au Kisarawe, huwapima katika mizani moja kila wanapobishana kuhusu bondia bora kupata kutokea nchini.

Ubishi huo ni wa dunia nzima. Ulishika kasi enzi za Sugar Ray Robinson wa Marekani, bingwa wa dunia wa uzito wa welta kuanzia mwaka 1946, ambaye baadaye alitwaa ubingwa wa uzito wa kati mara tano. Katika zama hizo mabingwa wa uzito wa juu ndio waliovuma zaidi, lakini wajuzi walisema kwamba kama mabondia wote wangekuwa na uzito sawa, Robinson angewashinda. Alipigana mara sita na Jake LaMotta, aliyemzidi uzito, akashinda mara tano.

Kabla yake, mwaka 1938, Henry Armstrong alishikilia kwa wakati mmoja ubingwa wa dunia wa unyoya, uzito mwepesi na welta, wakati ngumi zilikuwa na madaraja manane tu ya uzito. Manny Pacquiao wa Ufilipino alitwaa mikanda ya dunia katika madaraja manane, lakini katika zama ambazo madaraja yamefika 17 au zaidi, na mashirika manne makubwa, WBA, WBC, IBF na WBO, kila moja likiwa na bingwa wake.

Ugumu wa kupanga orodha ya aina hiyo huonekana ukilinganishwa na riadha. Filbert Bayi, ambaye jina lake limebebwa na shule zilizopo Kibaha, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Saa ilitoa hukumu na ubishi ukaisha. Bondia hana saa. Hupimwa kwa ubora wa waliosimama mbele yake, mahali alipopigania na uzito wa kile kilichokuwa kikigombewa. Kwa vigezo hivyo vitatu, orodha ya Tanzania inaweza kupangwa hivi:

1. Michael Yombayomba. Alitwaa medali ya dhahabu ya uzito wa bantamu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kuala Lumpur, Malaysia, mwaka 1998. Ndiyo dhahabu pekee ya ngumi ambayo Tanzania imewahi kuipata katika michezo hiyo. Katika mashindano ya namna hii bondia hachagui mpinzani. Hupigana na yeyote aliyepangiwa na ratiba, siku baada ya siku, ugenini.

2. Titus Simba. Alipata medali ya fedha ya uzito wa kati mjini Edinburgh mwaka 1970, akishindwa katika fainali na John Conteh wa Uingereza, ambaye mwaka 1974 alikuwa bingwa wa dunia wa WBC. Miaka miwili kabla ya Edinburgh, katika Olimpiki ya Mexico, alitolewa na Chris Finnegan, aliyeondoka huko na dhahabu. Kwa ubora wa wapinzani, ni wachache nchini wanaomfikia, na wanaomtanguliza mbele ya Yombayomba wana hoja nzito.

3. Rogers Mtagwa. Mzaliwa huyu wa Dodoma aliyehamia Marekani alipigania mkanda wa WBO dhidi ya Juan Manuel López mjini New York, Oktoba 2009. Alishindwa kwa pointi, lakini katika raundi ya 12 bingwa huyo alinusurika kwa taabu kuangushwa.

4. Hassan Mwakinyo. Septemba 2018 bondia huyu wa Tanga alimmaliza Sam Eggington, aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya, katika raundi ya pili mjini Birmingham, mbele ya mashabiki wa mpinzani wake. Mwaka 2022 alirudi Uingereza na kushindwa na Liam Smith mjini Liverpool.

5. Francis Cheka. Agosti 2013 bondia huyu wa Morogoro alimshinda Phil Williams wa Marekani jijini Dar es Salaam na kutwaa mkanda wa dunia wa WBF. Mkanda huo ulimpa sifa kubwa, lakini WBF haimo miongoni mwa yale mashirika manne.

Nje ya tano hiyo wapo wengi wenye haki ya kutajwa, akiwamo Rashid Matumla, kinara wa familia iliyotoa mabondia kadhaa.

Ukivuka mpaka, orodha hiyo hupungua makali. Uganda ilimtoa Ayub Kalule, bingwa wa WBA mwaka 1979, na John Mugabi, bingwa wa WBC mwaka 1989. Kenya ilipata dhahabu ya Olimpiki kupitia Robert Wangila mwaka 1988.

Kupanga orodha hii si mchezo wa vijiweni tu. Kijana wa Kibaha au Kisarawe, wilaya zinazopakana na Dar es Salaam, anapoingia ulingoni hujifunza ukubwa ni nini kwa wale anaoonyeshwa. Akionyeshwa mikanda peke yake, ataitafuta mikanda, hata ile inayopatikana kwa kuchaguliwa mpinzani dhaifu. Akisimuliwa ya Kuala Lumpur na Edinburgh, atajua kwamba mabondia wawili walio juu ya orodha walipanda huko kwa ngumi za ridhaa. Mwaka 2022 Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, kwa njia hiyo hiyo.