Picha ya Mama: Historia ya Nakala za Rangi ya Mafuta

Septemba 1889, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, Vincent van Gogh aliketi kunakili picha yake mwenyewe. Ilikuwa ile ya chumba chake cha kulala mjini Arles, aliyoichora Oktoba ya mwaka uliotangulia: kitanda cha mbao, viti viwili, kimeza chenye jagi na beseni. Unyevu ulikuwa umeiharibu, na mdogo wake Theo alimshauri ainakili kwanza kabla haijafanyiwa ukarabati. Vincent hakuishia hapo. Alichora na ya tatu, ndogo zaidi, sentimita 57.5 kwa 74, kwa ajili ya mama yake na dada yake Willemien. Nakala hiyo iliyochorwa kwa ajili ya nyumba ya mama leo inatunzwa katika Musée d'Orsay, Paris, na sijasikia mtu akiiita feki.

Ninaanza na Vincent kwa sababu biashara ya nakala zinazochorwa kwa mkono husemwa vibaya sana, kana kwamba kunakili kulizuliwa na wachuuzi. Sivyo. Edvard Munch wa Norway alichora "Yowe" mwaka 1893, kisha akairudia mara kadhaa: zipo mbili za rangi na mbili za pasteli, mbali na chapa ya mwaka 1895. "Mtoto Mgonjwa", picha ya dada yake aliyekufa kwa kifua kikuu, aliichora mara sita katika muda wa miaka arobaini hivi. Ukiuza picha unayoipenda, utabaki na nini ukutani?

Hao wawili ndio waliowafungulia njia vijana wa Ujerumani tunaowaita waekspreshonisti, waliopaka rangi kwa jinsi moyo ulivyoona na si kwa jinsi jicho lilivyoona. Kikundi cha Die Brücke kilianzishwa Dresden, Juni 1905, na wanafunzi wanne wa usanifu majengo. Novemba mwaka huohuo maonyesho ya picha za Van Gogh yakafika mjini mwao. Kule kusini mwa Ujerumani, Franz Marc alichora farasi wa buluu.

Kisa cha farasi hao kinauma. Mwaka 1937 utawala wa Hitler ulizitoa kwenye makumbusho ya Ujerumani maelfu ya kazi za sanaa ya kisasa, nyingine zikatundikwa Munich ili watu wazicheke. "Mnara wa Farasi wa Buluu", aliouchora Marc mwaka 1913, ulikuwa mmojawapo, mpaka maofisa wa zamani wa jeshi walipolalamika kwamba mchoraji huyo aliipigania Ujerumani na kufia vitani Verdun mwaka 1916. Picha ikaondolewa, ikaishia mikononi mwa Hermann Göring, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia haijulikani ilikwenda wapi. Leo anayeitaka sebuleni hana njia ila nakala, na mchoraji wa nakala hiyo naye hana pa kuitazama ila kwenye chapa.

Nakala za namna hiyo zilikuja kupata makao yake Dafen, kijiji cha Wahakka kilichomezwa na jiji la Shenzhen nchini China. Mwaka 1989 mfanyabiashara Huang Jiang alitoka Hong Kong na wachoraji wachache, akapanga hapo kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu. Oda za Ulaya na Marekani zikafuata, na vijana wa mashambani wakamiminika, wengi wao hawajawahi kushika brashi. Katika filamu ya mwaka 2016 iliyomfuata mmoja wao, Zhao Xiaoyong, unaona karakana yenyewe: chumba chembamba, turubai zimeanikwa kwenye kamba kama nguo, wachoraji wanakula na kulala humohumo. Zhao na jamaa zake walitoa nakala za Van Gogh kwa makumi ya maelfu. Hatimaye alifika Amsterdam, akakuta kazi zake zikiuzwa kwenye duka la zawadi za watalii, kwa bei iliyozidi mara nyingi ile aliyolipwa. Ndipo kwa mara ya kwanza akasimama mbele ya picha za asili. Aliporudi alianza kuchora za kwake.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa nakala hawalitaji. Vincent alimwandikia nduguye kwamba kuta za chumba kile ni za zambarau iliyofifia. Leo ni za buluu, kwa sababu rangi nyekundu iliyokuwa ndani yake imepauka kwa mwanga. Alizeti zake nazo, njano yake imeanza kugeuka kahawia. Karibu kila nakala sokoni huiga buluu ile, yaani huiga uzee wa picha. Kwangu mimi, nakala yenye kuta za zambarau ingekuwa ya uaminifu zaidi, ingawa mnunuzi angeirudisha akidai amepunjwa.

Kunakili na kughushi ni mambo mawili. Louvre, inayoruhusu wanaonakili tangu 1793, humtaka mchoraji abadili ukubwa wa picha na asiweke saini ya mwenye kazi. Sheria ya hakimiliki nayo ina mipaka yake: Van Gogh, Marc na Munch wako huru, lakini mwekspreshonisti Oskar Kokoschka, aliyefariki 1980, bado analindwa.

Ukienda kununua, itazame turubai kwa upande, mwanga ukiipiga: rangi ya brashi ina migongo na mabonde yanayofuata umbo la kilichochorwa. Chapa ya mashine iliyopakwa gundi juu humeta ovyo, na matuta yake hayafuati chochote. Na ukimpata mchoraji mwenyewe, mwombe aandike jina lake nyuma ya turubai, maana hiyo ni kazi ya mikono yake.