Saa ipi inamfaa mzazi kufanya mazoezi?

JOTO la mwili hufikia kilele alasiri na jioni, na misuli wakati huo hunyooka vyema kuliko alfajiri. Hata hivyo, mzazi wa Nairobi anayefika nyumbani magharibi hulakiwa na sufuria, kazi za shule na watoto waliomkosa kutwa. Ratiba ya jioni ndiyo huvunjika upesi, na kwa kawaida ya mama huvunjika kwanza.

Wengi hukimbilia alfajiri. Lakini Nairobi i karibu na ikweta, na jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, ilhali basi la shule halingoji kupambazuke. Kukimbia barabarani gizani ni hatari; afadhali kuruka kamba uani. Anayeamka saa kumi naye sharti alale mapema, kwani mtu mzima huhitaji angalau saa 7 za usingizi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mnamo 2020 dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, likaondoa sharti la awali kwamba kila kipindi kitimize dakika 10. Hiyo ni nafuu kubwa. Kumsindikiza mtoto shuleni kwa hatua za haraka au kushuka matatu kituo kimoja kabla, yote huhesabiwa.

Mazoezi marefu yanahitaji mapatano: mume na mke wagawane siku, mmoja akienda kukimbia, mwenzake abaki na watoto.