Uwanja wa Embakasi na Jina la Mzee

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta: katika jina hili a-unganifu imetokea mara tatu. Ya kwanza yaonyesha matumizi, ya pili sifa. Ya tatu ina utata, kwani kwa sarufi peke yake Kenyatta aweza kuwa mwenye uwanja, mjenzi wake, au mtu anayekumbukwa kwao. Utata huo hauondolewi ila na historia.

Mwenyewe alikuwa mwana wa Gatundu, nchi ambayo barabara zake hushukia Ruiru na Thika. Baada ya kubatizwa mwaka 1914, Kenyatta, wakati huo Johnstone Kamau, aliajiriwa mjini Thika na Mwingereza mmoja, John Cook. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kwenda Nairobi kuchukua benkini mishahara ya wafanyakazi. Kijana huyo alifahamu mapema, basi, jasho la mtu lahesabiwaje.

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 alitiwa mbaroni, na Aprili 1953 mahakama ya Kapenguria ikamhukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu kwa kosa la kuongoza Mau Mau. Miaka hiyo hiyo serikali ya kikoloni iliwapeleka wafungwa na mahabusu wa Mau Mau Embakasi kujenga uwanja mpya. Walivunja mawe, wakasawazisha ardhi, wakaandaa njia ya kurukia ndege, yote hayo chini ya ulinzi wa askari. Wengi wa waliofungwa kwa ajili ya Mau Mau walitoka katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, nchi ambayo Thika na Ruiru, pamoja na mashamba ya walowezi ya kahawa na mkonge, zimo pembezoni mwake. Mei 1958 uwanja ulifunguliwa na Gavana Evelyn Baring, yule yule aliyetangaza Hali ya Hatari. Kenyatta alikuwa bado mfungwa Lokitaung.

Tarehe 14 Machi 1978, akiwa Rais, Mzee alifungua jengo jipya la abiria upande wa pili wa uwanja. Tarehe 22 Agosti akafariki dunia, na uwanja ukapewa jina lake. Jengo ndilo lililohama. Njia ya kurukia haikuhama. Wageni waliendelea kuteremka palepale walipotolea jasho wafungwa.

Hatusemi kwamba jina halikustahili. Aliyefungwa kwa tuhuma ile ile iliyowafunga wajenzi ana haki yake hapo, pengine kuliko kiongozi mwingine yeyote. Linalotusumbua ni kwamba jina hilo moja limewameza wenzake. Katika mwaka ule wa 1978 Mau Mau ilikuwa ingali imepigwa marufuku kisheria, marufuku ya mwaka 1950 ambayo haikuondolewa mpaka 2003. Tangu Juni 2013 Uingereza ilipokubali kuwalipa wahanga 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, mateso ya kambi yametajwa hadharani. Ujenzi wa Embakasi hutajwa kwa nadra.

Siku hizi barabara ya mchepuko wa mashariki humfikisha msafiri wa Ruiru karibu na uwanja bila kupita katikati ya jiji. Katika lugha ya kila siku wengi hawalitamki jina lenyewe, hutaja herufi nne za Kiingereza, au husema tu, “Naenda Embakasi.”