Mji Mkongwe: Kupunguza umeme bila kuharibu nyumba za kale

Joto la saa nane mchana chini ya bati, wasikilizaji wetu wa Mugeta wanalijua. Mji Mkongwe wa Zanzibar, Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, ulijengwa kulipunguza: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ua wa ndani, madirisha marefu. Umeme ulipokatika Unguja kwa miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, viyoyozi vilinyamaza. Kuta ziliendelea na kazi.

Kubadili jengo huko kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kwetu, hiyo ni sera ya nishati pia. Dirisha likizibwa, kiyoyozi hakizimwi. Saruji ikipakwa juu ya chokaa, unyevu hunasa na ukuta humomonyoka.