Barabara kuu isiyotaka gari

Wasee, mimi nilikuwa najua barabara kuu ni ya magari, basi. Kumbe kuna M-185.

Iko Mackinac Island, kisiwa kidogo cha jimbo la Michigan, Marekani. Ni kama kilomita 13 tu: inazunguka kisiwa na kurudi palepale. Imekuwa barabara kuu ya jimbo tangu 1933, lakini ukipita huko utakutana na farasi, baiskeli na watu wa miguu. Gari zinazoruhusiwa ni chache, kama ambulensi.

Hiyo marufuku ni ya 1898. Wenye mikokoteni ya abiria walilalamika kwamba mashine zinatisha farasi wao, kijiji kikazifungia nje. Tuseme ukweli, walikuwa wanalinda unga wao pia. Lakini leo watalii wanavuka maji kufuata huo utulivu.

Sisemi tuchukie magari. Nasema kijiji kidogo kiliamua barabara yake ni ya nani. Huku kwetu lami ikimwagwa, anayetembea anakumbukwa mwisho, na tunaotembea ni wengi. Hebu jiulize: hiyo ya mtaani kwenu ilijengewa nani?